Majibu Mafupi Tuliyofundishwa Katonga

Nilishuka kwenye bodaboda pale Katonga saa tatu asubuhi, nimevaa viatu visivyofaa mchanga. Kilichonipokea ni harufu, ile ile ya zamani, ya dagaa walioanikwa na mawese yanayochemka mahali fulani nyuma ya vibanda. Mama mmoja alikuwa amechuchumaa akigeuza dagaa wake kwa viganja. Akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akauliza, "Dada, wewe si wa hapa?"

"Hapana," nikasema.

Akacheka mpaka akaacha kazi. "Hapana si wa hapa, au hapana ni wa hapa? Sema inyooke, dada!"

Na mimi nikacheka, kwa adabu tu, kisha nikasogea nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, nikalia. Usidhani ni utani wake ulioniliza. Nilipokuwa mtoto, hapo hapo ufukweni, hatua chache kutoka alipoanika dagaa wake, hakuna aliyenifikia kwa kujibu maswali ya namna hiyo kwa Kiingereza. Nilisifiwa mpaka nikavimba kichwa. Uhodari huo ndio ulionipotezea baba, na sijawahi kumsimulia mtu, kwa hiyo nivumilie nikianza mbali kidogo.

Tulivuka ziwa nikiwa na miaka minane. Ng'ambo, upande wa Kongo, tulikuwa na nyumba na michikichi yetu. Vita ilipofika kijijini boti ilikuwa moja, wakapakiwa wanawake na watoto, wanaume wakabaki kungoja ya pili. Baba alimpa mama ambebe mdogo wangu, akaingia majini mpaka kiunoni kuisukuma boti yetu, akasema, "Mutangulie, niko nakuya." Tukafika upande huu. Siku mbili baadaye zikaja habari kwamba boti ya pili imezama. Maiti kadhaa zilionekana kaskazini, upande wa Mwamgongo, na jirani zetu wawili wakazikwa huko. Baba hakuonekana, si mzima wala maiti.

Tuliandikishwa kambini kama wenzetu wote. Lakini mama alikuwa na ugonjwa wa kifua, akapewa kibali cha kukaa mjini karibu na hospitali, ndipo tukahamia Katonga kwa bibi. Huyu bibi alikuwa mama mdogo wa baba. Wazee wake walivuka ziwa zamani sana, yeye akazaliwa Ujiji, akaolewa Katonga, akafiwa na mume, akabaki na nyumba ya vyumba viwili na baraza, na mdomo ambao hata wachuuzi wa samaki waliuogopa.

Nikikwambia kwamba niliyapenda maisha yale utaniona sina akili, maana tulikuwa wakimbizi, tulilala wanne kwenye mkeka mmoja, na mama alikohoa mpaka ukuta ukaitikia. Lakini niliyapenda. Asubuhi tulitandaza dagaa mchangani kabla jua halijakolea, kisha nikakabidhiwa fimbo ya kufukuza kunguru, na mdogo wangu naye kijiti chake, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kula dagaa wenyewe. Mchana tulitwanga sombe, majani ya muhogo. Bibi aliipika kwa mawese na dagaa wabichi, na ugali wa muhogo unaonata vidoleni, na siku ya neema alichoma samaki, migebuka, juu ya mkaa, mafuta yakidondoka na kulia chwii. Alasiri tulisafisha vioo vya karabai za wavuvi kwa majivu, na bibi alituambia anataka kuona uso wake humo kabla hajasema vimetakata. Ukipita upepo wa ziwa ulisikia adhana kutoka msikitini, na kwaya ikifanya mazoezi upande wa pili, na injini za boti zikikohoa pamoja na mama.

Katika nyumba ile palikuwa na mwiko mmoja. Baba asitajwe kwa neno la kumkanusha. Usiseme hayupo. Usiseme marehemu, Mungu apishe mbali. Mtu aliyechukuliwa na maji na mwili wake haujaonekana, kwa bibi, hakuwa mtu wa kuliliwa. Hapakuwa na matanga, wala hitima, wala mama hakukaa eda. Akija mgeni na kusema "poleni na msiba," bibi aliweka chini kikombe cha chai kwa nguvu.

"Msiba upi? Nyumba hii haina msiba. Kuna mtu hajarudi."

Na kweli tuliishi hivyo. Mama alisuka nywele zake kama mwanamke mwenye mume. Katika furushi letu lilitokea shati moja la baba, sijui lilivyoingia, na mama alilifua kila Alhamisi likaanikwa pamoja na nguo zetu, lisije likashikwa na mende. Tukiulizwa na watoto wenzetu baba yenu yuko wapi, mimi na mdogo wangu tulijibu pamoja kama wimbo: hajarudi. Hatukuona ajabu yoyote. Baba za wengine walikuwa wamekwenda kuvua, wa kwetu alikuwa hajarudi.

Ndipo akaja Mwalimu.

Alikuwa Muha wa makamo ya uzee, mstaafu, anakaa Gungu. Alikuja kwa baiskeli siku tatu kwa wiki, saa kumi alasiri, kufundisha Kiingereza katika banda la fundi mitumbwi. Ubao wake ulikuwa kipande cha ubao wa mtumbwi kilichopakwa unga mweusi wa betri kuukuu. Tulikalia magogo. Watoto tulikuwa mbele, na nyuma walikaa watu wazima, wakimbizi wenzetu wenye vibali vya mjini, kila mmoja na daftari lake lililokunjwa kama siri.

Watu wazima walikuwa na sababu. Kila aliyeitwa kwenye usaili wa kupelekwa kuishi nchi za wazungu alirudi na habari ile ile: wale wazungu wanapenda kuuliza kinyumenyume. Hawakuulizi kama una shamba, wanauliza, huna shamba? Hawakuulizi kama uliwahi kushika bunduki, wanauliza, hukuwahi kushika bunduki? Sisi mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unaitika vizuri, "Ee, sijala," umekubaliana naye na mambo yamekwisha. Kwa Kiingereza ukiitika hivyo umejichongea. Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mpole hata kuku hakumchinja mwenyewe, aliyeulizwa hakuwahi kuwa askari, naye akataka kumwonyesha bwana yule kwamba anakijua Kiingereza, akasema "Yes," kwa heshima zote, na kichwa akakiinamisha. Faili lake likawekwa kando. Huyo fundi ndiye aliyekaa gogo la nyuma kabisa, akitikisa kichwa kila somo likianza.

Mwalimu alikuwa na njia yake. Aliweka ndoo katikati ya banda. "Usilisikilize swali," alisema. "Swali ni la muulizaji, muachie mwenyewe. Wewe tazama ndoo. Maji yamo? Yes, yamo. Hayamo? No, hayamo. Hata akikuuliza amesimama kichwa chini miguu juu, wewe tazama ndoo tu." Kisha alituuliza kwa Kiingereza, mmoja mmoja, harakaharaka, huku akimwaga na kujaza: hamna maji? Si ndoo hii? Huioni? Na tulitakiwa kujibu kwa maneno matatu au manne, yasizidi. Alituambia jibu refu linanuka uongo.

Mimi niliyameza yale majibu kama karanga. Sijui yalinipendezea nini. Labda ni kwa sababu nyumbani kila jambo lilikuwa la kunong'ona na kuzungukwa, na hapa palikuwa na mambo mawili tu, lipo au halipo, na ukipatia unapigiwa makofi. Watu wazima walinisimamisha njiani nikienda kuteka maji. "Hebu niulize, mwanangu." Nami nikiwa na ndoo kichwani nilimuuliza mtu mwenye ndevu kama hana ndevu, akababaika, nikamsahihisha. Bibi alisikia akasema nimekuwa karani.

Jibu moja Mwalimu hakulitaka kabisa, nalo ni "sijui." Ukisema hujui ulisimama mpaka somo liishe. Siku moja ndoo ilikuwa na kifuniko. Aliponiuliza kama hamna maji nilisema kwa Kiswahili, "Mwalimu, imefunikwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Mwalimu."

"Mwana wanje," alisema kwa Kiha, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake, "bwana yule mezani hana kisanduku cha sijui. Ana viwili tu. Funua, au chagua." Nikasimama mpaka jioni, mbele ya watu wote waliokuwa wakinipigia makofi. Nilikuwa na miaka kumi, na aibu ile iliniingia kwenye mifupa. Niliapa sitasema tena neno lile mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu.

Tuliitwa mwaka uliofuata. Bibi alimvalisha mama khanga mpya, akatupaka mafuta ya mawese mpaka tukang'aa, akaturudia mara tatu: mkiulizwa habari ya baba yenu, semeni hajarudi. Mama alikuwa amekonda sana wakati ule. Daktari wa hospitali aliandika kwamba kifua chake kinahitaji matibabu yasiyopatikana hapa, na ndiyo maana jina letu lilipanda.

Ofisi ilikuwa mjini, chumba chenye feni na meza. Aliyetuuliza alikuwa mwanamke wa Kizungu mwenye uso mwema. Nasisitiza uso mwema, maana ningependa awe mbaya nipate wa kumlaumu. Mkalimani alikaa katikati. Mambo yalikwenda vizuri, mama akieleza kijiji, vita, boti. Kisha mkalimani akaitwa nje, kulikuwa na familia nyingine imekosea mlango. Tukabaki sisi na yule mwanamke. Mama hakuwa na hata neno moja la Kiingereza, kwa hiyo akaangalia mikono yake. Yule mwanamke, ili kutuondolea woga, akanigeukia mimi. Akaniuliza kama sipendi shule. Nikamjibu sawasawa. Akainua nyusi, akatabasamu. Akaniuliza kama sina kaka. Nikamjibu sawasawa. Akasema Kiingereza changu kizuri, nami nikajiona nimekaa mbele ya banda zima la fundi mitumbwi. Akavuta karatasi yake, akashika kalamu, na kwa sauti ya chini, ya huruma, akaniuliza kama baba yetu si hai.

"No, he isn't," nikasema.

Lilitoka lenyewe, safi, maneno matatu. Sitakudanganya kwamba sikujua nasema nini. Nilijua. Nilimwona baba amesimama majini mpaka kiunoni, nikaona kisanduku cha Yes siwezi kukithibitisha, na kile cha tatu sikuruhusiwa, nikachagua. Na chini ya yote hayo, nikwambie ukweli, nilitaka aniambie tena kwamba najua Kiingereza. Akasema, "I'm sorry," akanipa peremende, akaandika. Mama alipoona nimepewa peremende akatabasamu na yeye.

Mkalimani aliporudi alisomewa yaliyoandikwa ili amtafsirie mama. Alisoma kwa kasi kama mtu aliyechoka: jina, kijiji, ugonjwa, mjane, watoto wawili. Mama akanyanyua kichwa.

"Mujane? Nani alisema mujane?"

Mkalimani akamuuliza yule mwanamke, kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Mtoto wako amesema. Kuna cha kubadilisha?"

Nakumbuka feni ilivyokuwa ikizunguka. Mama alijua, kama tulivyojua wote, habari za mwanamke wa kambini aliyerekebisha umri wa mwanawe mbele ya meza ile ile. Waliandika maneno yake hayaaminiki, na miaka mitatu baadaye alikuwa bado anangoja. Mama alikohoa kwenye khanga. Akanitazama. Sikuona hasira, na bora ningeiona. Angesema "mtoto amekosea," ningekuwa mwongo mbele ya wakubwa, na faili letu lingekuwa faili la waongo. Akaomba wino, akaweka dole gumba.

Nje, tulipofika kwenye kivuli cha ukuta, alisema jambo moja tu. "Usiambie bibi." Hakulitaja tena neno lile, si siku ile wala wiki ile, na Alhamisi alifua shati kama kawaida.

Tuliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili. Bibi alikataa kuja uwanja wa ndege. Alisema yeye atabaki, maana mtu akirudi na kukuta nyumba tupu atadhani amekosea njia. Watu walimwonea huruma. Miezi minane baadaye, tukiwa katika nchi ya baridi, ghorofa ya nne, mama ameanza kupata nafuu, simu ikalia. Alikuwa jirani wa bibi, mama aliyekuwa akikaanga sambusa mlango wa pili. Alikuwa akipiga kelele hata sikumwelewa. Kisha sauti nyingine ikaja.

"Nimefika," ilisema. "Niko kwa bibi yenu."

Baba hakupanda ile boti ya pili. Alikamatwa ufukweni, akabebeshwa mizigo ya watu wenye bunduki hadi milimani, akatoroka, akapotelea kwenye machimbo, akaugua, akatembea. Jirani aliniambia bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwasuta waliowahi kumpa pole.

Basi baba akaenda ofisini na picha yetu, akasema mimi ndiye mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, nataka kuungana nao. Wakafungua faili. Mwanamke huyu wa kwenye faili, wakamwambia, ni mjane. Mumewe alikufa. Kuna dole gumba lake hapa. Mama naye akaenda kwenye ofisi za kule tulikokuwa, akalia, akaeleza. Wakamwambia kwa upole mkubwa kwamba kama alidanganya wakati ule basi kesi yake yenyewe ina matatizo, na kama anadanganya sasa hivi basi ni tatizo jingine. Mwanasheria akamshauri anyamaze kwa ajili ya watoto. Barua zilikwenda na kurudi. Mwaka ukaisha, na mwingine.

Siku moja mama akanipa simu. "Mwambie weye mwenyewe," alisema. "Mwambie ni weye ulisema, ulikuwa mutoto. Ni baba yako, hatakukasirikia." Alikuwa ametafuta namna ya kuniondolea mzigo, na nilikuwa nimefikisha miaka kumi na minne, nimekwisha kuwa na miguu mirefu na kiburi. Nikatoka na simu hadi kwenye ngazi. Baba aliniuliza shule, akaniuliza baridi. Kisha akaleta swali lake.

"Mama yako ndiye alibaambia bale ba ofisi nimekufa?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe hapana. Nilikuwa na ngazi nzima peke yangu, hapakuwa na mtu wa kunisikia, ningeweza kusema. Niliogopa. Niliogopa asinipende.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Nikarudi ndani. Mama aliuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. "Akasema nini?" Nikasema, amesema si kitu, ulikuwa mtoto. Mama akashusha pumzi, akaenda kupika.

Kuanzia siku ile baba hakuomba tena kuzungumza na mama. "Msalimie mama yenu," alisema, na simu ikaisha. Mama alidhani ni aibu ya mwanaume asiye na kitu, au pengine amepata mwanamke huko. Alisema hayo mara moja, kwa sauti ya kawaida, huku anachambua mchele. Yeye mwenyewe aliposwa mara mbili kule, na watu wa heshima, akakataa. Mimi niliyaona yote hayo nikanyamaza. Mwanzo nilijiambia nitasema nikimaliza shule. Baadaye nikasema nitasema akipata viza. Bibi akafa. Nikasema nitasema nikienda mwenyewe, ana kwa ana. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na pasi ya kusafiria wakati jirani alipopiga kusema baba amelala na hakuamka. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, katika ghorofa ile, kwa ukamilifu wake wote.

Ndiyo nimekuja sasa, nimechelewa. Banda la fundi mitumbwi halipo, pamejengwa ghala la barafu. Nyumba ya bibi ina wapangaji na mlango wa chuma. Karabai hakuna, wavuvi wana taa za betri na sola, watoto hawasugui kioo. Mwalimu alifariki. Wale wa magogo ya nyuma sijui walipotelea wapi, wengine walipelekwa, wengine walirudishwa kwao, na fundi cherehani nimeulizia kwa kila mtu bila kupata hata jina lake. Mahali nilipopigiwa makofi pote pamefutika, nami nimebaki na kile nilichofundishwa pale.

Jirani yupo. Amezeeka, hakaangi tena sambusa, lakini alinitambua kwa mwendo. Nilimpigia magoti, "Shikamoo mama," akanishika mashavu. Tukaenda pamoja Ujiji makaburini, akanionyesha baba, kilima kidogo kando ya bibi, na kipande cha saruji kilichoandikwa kwa msumari. Tulipomaliza kuomba dua alikaa chini kwenye nyasi akapumzisha magoti yake, na ndipo akaanza kunieleza bila kuulizwa.

"Baba yako alisoma, unajua? Kwa Mwalimu, kabla mzee yule hajafa. Alikaa na watoto wadogo kabisa, magoti yamefika masikioni. Alinambia anajiandaa, wakimwita tena asije akakosea. Wakamwita kweli. Akarudi hapa kafurahi! Eti wamemuuliza huna mke, kajibu Yes, I have, kama Mwalimu alivyofundisha. Hajakosea hata kimoja." Akang'oa majani. "Barua ya kukataliwa ikaja baadaye."

Nilimuuliza kama kuna neno aliloacha.

"La mama yenu," akasema. "Alisema nikiwahi kumwona mmoja wenu nimwambie kwamba yeye amemsamehe mama yenu. Alisema, alikuwa mgonjwa, ana watoto, alitaka maisha mengine, siwezi kumlaumu kwa kunizika. Aliyasema hayo zaidi ya mara moja. Mfikishie mama yako, mwanangu, apumue."

Kwa hiyo ikanibidi nimpigie mama. Ningeweza kuuficha ujumbe ule, na nimekwisha kuficha mengi. Lakini nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la mtu aliyejifunza Kiingereza kwa ajili yetu, na jirani alikuwa ananitazama. Nikatoka hadi kwenye njia, nikapiga. Huko ilikuwa asubuhi, nilisikia birika.

"Mama, baba aliacha neno. Alisema amekusamehe."

Birika likazimwa.

"Amenisamehe nini?" mama akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya ngazi, na swali, na jibu nililolitoa, na uongo niliomletea jikoni. Nilisema kwa Kiswahili na kwa kirefu, nikirudiarudia, na watu waliokuwa wakipita na ndoo zao walipunguza mwendo. Nilipomaliza nikamsikia akivuta pumzi, kile kifua chake cha zamani.

"Sasa alikufa hajue kama niko namungojea," alisema.

Akakata. Nilipiga tena siku ile, na kesho yake, na keshokutwa yake. Siku ya nne mdogo wangu ndiye aliyepokea. Alisema mama ni mzima, anakula, anasali, ila ameagiza, "Akipiga, umusalimie tu." Na simu ikaisha.